Suruali ya Jitu la Mlimani

Jumanne moja, saa nne asubuhi, mama mmoja aliingia mu ateliye yangu, akatoa kamba ndani ya kikapu, akaitandaza chini.

Kamba ilianzia mlangoni, ikapita chini ya meza, ikagonga ukuta, ikageuka, ikarudi mpaka mlangoni.

"Hii njo kiuno chake," akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akatoa kamba ya pili. "Na huu njo muguu."

Mguu ulitoka nje, ukafika katikati ya barabara. Kuna moto moja, pikipiki ya abiria, ilisimama, ikangoja mguu upite.

Sasa kabla sijaendelea, mnijue. Minye ni Libérat, fundi wa kushona, hapa Kasenga, Uvira. Miaka kumi na tisa niko nyuma ya cherehani. Nimeshona suti za harusi, yunifomu za shule, kanzu za wahudumu wa misa. Nimeshona suruali ya bwana mmoja wa Makobola ambaye tumbo lake lilitangulia kufika, yeye akafuata. Nilidhani nimeona viuno vyote vya dunia hii.

"Mama," nikasema pole pole, "huyu mutu iko na urefu gani?"

"Si unaona kamba."

"Anafanya kazi gani?"

"Anasimama."

"Anasimama tu?"

"Anasimama, anachunga mashamba."

"Anaishi wapi?"

Akanionyesha kwa mdomo. Nikafuata mdomo wake. Ulikuwa umeelekea juu, kwenye milima, kule mawingu yanapolala.



"Basi mwambie ashuke, nimpime minye mwenyewe. Fundi hapimi kwa kamba."

"Hawezi kushuka. Akishuka, nani atamupandisha?"

"Na... na sasa anavaa nini?"

"Iko uchi tangu Pasaka," akasema, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Njo maana hawamuogopi tena."

Nilitaka kuuliza ni akina nani hao wasiomwogopa. Nikajikuta nauliza swali la kazi tu, maana kazi njo kitu pekee kilichobaki kichwani.

"Tumwekee mifuko?"

"Mifuko ya kutia nini? Wewe shona tu. Rangi yoyote, mradi ionekane toka mbali."

Akaniachia kilo nyingi za maharagwe kama avansi, malipo ya kuanzia. Akasema anaitwa Nyandwi, kijiji chake kiko juu kabisa, ukiwaacha watu wa mwisho unaendelea kupanda. Jumatatu niilete mwenyewe, tumvalishe pamoja.

Tumvalishe.

Pamoja.

Alipotoka tu, minye huyo, mbio! Nilimpita hata bibi yangu wa ndoa, Émérance, anayeuza mandazi pale mbele ya ateliye. Akaniita kwa jina la mtoto wetu, "Baba Vainqueur, unaenda wapi?" Sikusimama. Habari kama hiyo ukiikalia inakuchoma.

Nilimwambia kinyozi. Kinyozi akawaambia wateja wawili. Mmoja alitoka na nusu ya ndevu.

Saa sita Kasenga yote ilijua: mu milima iko majitu.

Saa nane majitu yalikuwa saba.

Jioni nilisikia kwamba yana ndoa, yana watoto, na kwamba ngurumo zote za mwezi wa tatu hazikuwa mvua. Yalikuwa yanahamisha vitanda.

Mwalimu Antoine, mtu wa hesabu, alikuja na chaki. Akapima ile kamba, akaandika ukutani kwangu, akafuta, akaandika tena. Akageuka na sura ya msiba.

"Mwenye kiuno hiki," akasema, "anakula mbuzi sita kwa siku. Na hapo ni kama iko na homa."

Wamama wawili walikaa chini.

Hata Bernardine alikuja kusikiliza. Bernardine ni jirani yetu, tunagawana ukuta. Lakini alisimama mbali, akaangalia pembeni, maana yeye na bibi yangu walikuwa hawasalimiani tangu miaka miwili. Zamani walikuwa chanda na pete. Wakienda sokoni, ukimwona mmoja unatafuta mwingine yuko wapi. Halafu mbuzi wa Bernardine akala kitenge cha Émérance, kitenge kizuri ambacho dada yake alimletea toka Bujumbura, na palepale wakachambana mpaka watu wakatoka majumbani. Tangu siku ile, ukuta tu.

Mbuzi aliuzwa Luvungi. Ugomvi ulibaki.

Basi. Nikaanza kushona.

Kitambaa gani kinatosha jitu? Nilichukua shitingi mbili za bluu, zile turubai za kuezekea. Nikaongeza pazia la rangi ya machungwa la ukumbi mmoja wa harusi uliofungwa. Nikaongeza magunia. Cherehani ililia kama mtu anayeng'olewa jino. Sindano nne zilivunjika kwenye makalio peke yake.

Ateliye haikutosha, ikabidi nishonee barabarani. Na hapo njo nilipoharibika kichwa. Watu walikuja kupiga foto. Watu walitoka mpaka Kavimvira kuona suruali! Mtu aliniita "Fundi wa Majitu", na minye, mjinga, nikamwita mchoraji, akaniandikia vile vile juu ya mlango.

Nilianza kuzungumza kama mtu aliyemwona mteja wake.

"Ni mpole," nilikuwa nawaambia. "Shida ni ukimkanyaga kivuli."

Sijui hayo maneno yalitoka wapi. Yalitoka tu.

Kumbe wakati minye napigwa foto, wamama walikuwa wameacha kupanda mlimani. Mihogo yao ilikuwa kule. Kuni zilikuwa kule. Kuna mama alinipita na kikapu kitupu, akaniuliza: "Fundi, ukimwona, unaweza kumuombea atuachie njia hata asubuhi tu?"

Nikamjibu, "Nitamwambia."

Mungu anisamehe. Nilimjibu hivyo, nikaendelea kushona.

Émérance alikuwa anatazama tu, anageuza mandazi yake. Mara moja moja mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia kwa sababu ya mume wake anayeenda kufa.

Jumatatu ikafika, na malaria yangu ikafika nayo.

"Mama Vainqueur, sijisikii. Homa imenikamata. Tutume mtu."

Akaniwekea mkono kwenye paji la uso. "Uko baridi kama samaki."

"Njo dalili mbaya hiyo!"

"Baba Vainqueur, maharagwe ya watu tulishakula. Amuka, twende."

"Twende? Na weye?"

"Nikuache uende kuliwa peke yako? Bibi wa namna gani huyo?"

Hapo niliguswa, ndugu zangu. Nilijisemea: Libérat, ulioa.

André, dereva wa moto, alikubali kutubeba na ule mzigo mpaka mlima unapoanzia. Kwa kweli alitushusha kabla haujaanza. Aligeuza moto hata nauli hakungoja. Nilibaki nimenyoosha mkono, nameza vumbi lake.

Tukapanda.

Suruali tuliikunja, tukaigawana. Émérance alibeba mguu mmoja kichwani, minye mwingine, tukaenda tumeunganishwa hivyo kama ng'ombe wa kulima. Yeye alikuwa anaimba nyimbo za kwaya. Minye nilikuwa nahesabu nyayo. Kila shimo niliona ni unyayo.

"Angalia hili! Angalia vidole!"

"Hapo maji yalipita, Baba Vainqueur."

Tulipanda mpaka ziwa likabaki chini yetu lote, jembamba kule mwisho, na ng'ambo Bujumbura kama punje za unga zilizomwagika. Tukapita nyumba za mwisho. Mbwa wa mwisho akatubwekea. Halafu ukungu ukashuka.

Na ndani ya ukungu, kwenye mgongo wa mlima, nikaliona.

Lilikuwa limesimama.

Mabega kama paa la kanisa. Mikono imetanuliwa, kama linataka kukumbatia bonde zima. Kichwa cheusi, kikubwa, bila shingo. Upepo ulipopita, liliyumba kidogo, likatoa sauti: ngwiii.

Nilianguka kwa magoti na mguu wangu wa suruali.

"Mama Vainqueur! Nisamehe!"

Yeye alisimama hapo hapo. Hakupiga hata kelele.

"Nikusamehe nini?"

"Kila kitu!"

"Kila kitu kina majina. Sema haraka, linatuangalia."

Mtu anayekufa hapangi maneno. Nilifungua mdomo, na yakatoka kama maharagwe kwenye gunia lililopasuka.

"Ile siku nilisema niko kwenye mkutano wa mafundi, nilikuwa naangalia mpira!"

"Najua. Endelea."

"Ile samaki kuhe uliyomwekea mama yako, hakuila paka. Niliila minye! Na kichwa chake!"

"Najua. Paka hafungi sufuria. Endelea, limeinua mkono."

Sikuangalia kama limeinua. Niliamini. Nilifunika macho, nikatoa ile iliyokuwa chini kabisa.

"Mbuzi wa Bernardine hakukula kitenge chako."



"Nilikikata vibaya," nikasema. "Nilikata mikono miwili, yote ya kushoto. Fundi wa miaka kumi na saba wakati huo! Niliona aibu. Nikakichanachana, nikampelekea mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikataa, Mama Vainqueur! Nilimlazimisha. Nilimtia mdomoni kwa mkono wangu, nikaanza kupiga kelele."

Nilingoja kufa.

Sikufa.

Nilichosikia ni sauti ya mwanamke kutoka kwenye miguu ya jitu.

"Fundi! Umeileta?"

Nikafungua jicho moja. Nyandwi alikuwa anatoka katikati ya miguu ya lile jitu na jembe begani, anafuta mikono, kama mtu anayetoka jikoni kwake.

Ukungu ukafunguka kidogo.

Miguu ya jitu ilikuwa miti miwili ya mikaratusi. Mikono, mti mmoja mrefu uliofungwa kwa kamba. Kifua, magunia yaliyojazwa majani. Kichwa, chungu kikubwa cha zamani cha kupikia pombe.

Na juu ya chungu alikuwa amekaa nyani, anakula hindi. Mwingine alikuwa begani. Alinitazama pale chini kwenye magoti, akatafuna, akatupa gunzi.

"Unaona?" Nyandwi akalalamika. "Wamemuzoea. Mwaka jana walikuwa wanamukimbia. Wakaja kugundua iko uchi, hatembei. Sasa wanamufanya kiti. Wanatumalizia mahindi yote. Njo tukasema, tumuvalishe kitu kinachopiga kelele kwenye upepo."

Sanamu ya kufukuza nyani.

Nilikuwa nimeungama mbele ya sanamu ya kufukuza nyani.

"Sasa," nikamuuliza, nikiwa bado chini, "ina maana majitu hayako?"

Nyandwi akaniangalia kama nimeuliza kama mvua iko.

"Yako. Kule juu zaidi. Lakini yale hayavai suruali."

Hakucheka hata kidogo. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania, na sikupanda kwenda kuuliza.

Kijiji kizima kilikuja kumvalisha. Watu wenyewe walikuwa wachache, wamama na wazee, ngazi mbili, na kelele nyingi. Minye nilikaa juu ya ngazi nafunga kiuno, nyani wananitupia magunzi. Tulipomaliza, upepo ulipanda kutoka ziwani, ukaingia kwenye ile shitingi, suruali ikajaa, ikapiga: PWAA! PWAA!

Nyani hawakungoja sala ya mwisho. Yule wa kwenye chungu alidondoka, akaamka, akapita katikati yetu bila kusalimia mtu. Bonde zima kulisikika majani tu yakivunjika.

Wamama walipiga vigelegele. Bibi kizee mmoja alilia kweli, kwa sababu shamba la pale chini lilikuwa lake, na msimu uliopita hakuvuna hata kikapu kimoja. Alinishika mikono yote miwili. "Fundi, Mungu akubariki vidole."

Nilisahau aibu yangu. Tukapewa chakula, tukala. Niliongea, nilicheka.

Émérance hakula.

Tulianza kushuka. Nilimwachia nafasi, nikakohoa, nikaanza kujenga ukuta wangu.

"Mama Vainqueur, unajua, mutu akiwa na woga anasema hata vitu ambavyo..."

"Nilijua ni sanamu," akasema.

Nikasimama.

"Nyandwi alininunulia mandazi ile Jumanne. Akanieleza yote: nyani, chungu, miti. Weye ulikuwa umeshakimbia kwa kinyozi."

"Na wiki nzima hukuniambia?"

"Uliniuliza? Watu wote wa Uvira uliwaambia, hakuna hata mmoja uliyemuuliza kitu. Nikasema, acha apande, aone, acheke mwenyewe. Nilitaka nikuone umepiga magoti mbele ya chungu. Njo tu." Sauti yake ikapungua. "Mpira nilijua. Kuhe nilijua. Kitenge sikujua."

Tulitembea. Mawe yalikuwa yanateleza chini ya viatu.

"Mama yake Bernardine alikufa mwaka jana," akasema. "Nilisikia kilio kupitia ukuta. Siku tatu. Sikwenda, Libérat. Kwa sababu ya mbuzi."

Hakuwahi kuniita Libérat tangu tumzae Vainqueur.

Nilijua kushona kila kitu. Pale sikuwa na uzi.

Tulipofika chini, watu walikuwa wamejaa kwenye barabara ya Kasenga. Mtu aliwaambia tumeonekana tukishuka wazima. Mwalimu Antoine alikuwa na chaki. Kinyozi alikuwa na mteja, mwenye sabuni usoni bado.

"Fundi! Umeliona?"

"Lilisema nini?"

"Linakula mbuzi wangapi?"

Nisiwadanganye, nilijaribiwa. Neno moja tu, ningekuwa mtu mkubwa mu Uvira mpaka kufa kwangu. Nilimwangalia Émérance. Yeye hakuniangalia. Alikuwa anaangalia mlango wa Bernardine, na Bernardine alikuwa amesimama hapo, mikono kwenye kiuno, pembeni kama siku zote.

"Ni sanamu," nikasema. "Ya miti. Ya kufukuza nyani. Majitu niliyatunga minye, kwa mdomo wangu huu."

Kwanza kicheko. Halafu yule mama wa kikapu kitupu hakucheka, na wenzake wakaona hacheki, na kicheko kikaanza kugeuka kitu kingine.

Kabla hawajanifikia, nikasema kwa sauti ya juu:

"Na iko na lingine. Bernardine. Mbuzi wako hakukula kitenge. Minye nilikiharibu, nikamtilia mdomoni. Ninakuomba msamaha mbele ya watu."

Bernardine alishusha mikono kutoka kiunoni.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Yule mbuzi alikuwa mzee. Hakuwa na jino hata moja lililobaki zima. Majani yenyewe nilikuwa namukatia kwa kisu. Angechana kitenge namna gani?"

"Sasa kwa nini hukusema?" Huyo alikuwa Émérance. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha baada ya miaka miwili.

"Nilisema! Nilisema mpaka sauti ikakauka. Nani angenisikiliza, na mbuzi iko pale mbele ya watu, kitenge mdomoni?"

Hakuna aliyecheka. Hata kinyozi.

Émérance akavuka barabara. Alifika mbele ya Bernardine, akakosa pa kuweka mikono. Halafu akasema neno moja tu, neno la mwaka jana.

"Pole ya mama."

Bernardine akafunga macho. Akashusha mabega, kama mtu aliyekuwa amebeba ndoo mbali sana na sasa mtu amemsaidia kuitua.

"Ingia," akasema. "Usisimame juani."

Wakaingia. Mlango ukafungwa. Minye nikabaki nje na Kasenga nzima.

Shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, akakata kesi hapo hapo, bila kiti wala karatasi. Kwa kuwa nimewazuia wamama wasiende mashambani wiki nzima, nitapanda nao kila asubuhi wiki mbili. Nitatangulia mbele. Kama kuna jitu, lianze na minye. Na kurudi nitabeba mihogo.

Nilibeba. Mgongo wangu bado unaongea.

Kitenge kingine nilikitafuta, nikakishona taratibu, nikapima mara tano kabla ya kukata. Émérance alikipokea, akakigeuza, akaangalia mikono, akahakikisha mmoja ni wa kulia. Halafu akatoka nacho, akampelekea Bernardine. Jumapili hiyo Bernardine alikivaa kanisani, na bibi yangu alikuwa kando yake, wananong'onezana wakati wa mahubiri. Sijui walikuwa wanasema nini. Waliniangalia mara mbili, wakafunika midomo.

Ninawaachia haya, nyie mnaosoma. Kitu kikikutisha, kisogelee uulize kabla hujakitangaza, maana jitu linakua kwa kila mdomo linamopita. Na kama umemtwika asiye na mdomo kosa lako, awe mbuzi, awe mtu, kaliseme mapema, ukiwa kwako, umekaa kwenye kiti chako. Usingoje mpaka magoti yako yakusemee juu ya mlima, nyani wanakutazama.